Bomba Lililopinda Kando ya Kaburi Lako

Nau,

Baba, wewe hukupenda barua ndefu. Ulizisoma ukiwa umesimama mlangoni, na ukichoka katikati ulimpa Mama karatasi ukamuuliza wamesema nini. Hii itakuwa ndefu, nivumilie. Tangu tukuzike nimekuwa nikikuambia mambo vipande vipande nikija kung'oa magugu pale kaburini, leo neno hili, wiki ijayo lile, na mengi nimeyameza kwa sababu kulikuwa na watu wanapita njiani. Sasa naondoka hapa Sultan Hamud. Sitaki nikuache na vipande.

Nianzie siku za matanga. Nilikuja kutoka Mombasa na begi moja la mkononi lenye nguo za siku chache, kwa sababu nilikuwa narudi kazini. Bwana Abdalla, mkubwa wangu katika ofisi ya michoro, aliniambia nikamlilie baba yangu bila haraka. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameniambia jambo lingine, ambalo sikukuambia ukiwa hai kwa sababu ulikuwa tayari unatafuta pumzi. Kulikuwa na kazi Uarabuni, kwenye kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta, na walitaka wachoraji wa mabomba. Alikuwa amenitaja mimi.

Wewe ndiye pekee nyumbani aliyeelewa kazi yangu. Wengine walidhani nachora maua. Ulikuwa fundi wa pampu ya reli miaka ile injini zilikuwa bado zinakunywa maji, na nikiwa msichana mdogo ulinipeleka kwenye bomba la kuelekea tangi la stesheni, ukaweka kijiti juu ya chuma, ukaniinamisha mpaka sikio likagusa kijiti. "Sikiza," ulisema. "Likiimba, linavuja." Kwa hivyo nilipoanza kuchora mabomba ya viwanda sikuwa na haja ya kukueleza sana. Uliniuliza maswali ya kifundi, nami niliyabeba mpaka Mombasa, na Bwana Abdalla akayajibu moja moja, maana yeye naye alipenda maswali. Fundi atafikiaje koki ikiwa mmeiweka juu ya kichwa chake? Mnajuaje bomba litapita wapi na ukuta bado haujajengwa? Na lile la bomba la mvuke: mbona mmelipinda kama goti wakati mbele ni wazi?

"Mwambie mzee," alisema Bwana Abdalla, "chuma kikipata moto hurefuka. Ukikibana huku na huku bila kukipa nafasi, kitajitafutia nafasi chenyewe, na hapo ndipo watu huumia."

Nilikuletea jibu hilo Krismasi. Ulilifikiria mpaka chai yako ikapoa.

Basi watu wa matanga walipotawanyika, Mama akaanguka jikoni. Kiharusi. Kilichukua upande wake wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Alipotoka hospitali, Baba Mdogo Nzuki aliita kikao pale nyumbani, yeye na wazee wawili wa ukoo, mimi na ndugu yangu Kyalo. Kyalo alisema ana kazi Nairobi, mke na watoto, kisha akaangalia viatu vyake mpaka kikao kikaisha. Baba Mdogo akaniangalia mimi.

"Mumbua hana bwana, hana watoto wa kumvuta huku na huku," alisema. "Mungu alimweka hivyo kwa ajili ya siku kama hii."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Mama alikuwa amelala chumba cha pili, na ukuta wetu unaujua ulivyo, kila kitu kinapita. Nilimsikia akigeuka kitandani. Nikasema nitakaa kwa muda.

Nilimpigia Bwana Abdalla simu kutoka duka la Bi Zuhura. Unamkumbuka Bi Zuhura wa vitambaa, ambaye wazazi wake walitoka pwani wakahamia hapa zamani za reli. Bwana Abdalla amemwoa mdogo wake, na Bi Zuhura ndiye aliyeniunganisha na ile ofisi hapo mwanzo. Bwana Abdalla aliniambia mama ni mama, nikae naye. Akamtuma mwingine Uarabuni.

Muda wangu ukawa miaka, Nau. Sikuuona ukigeuka.

Nilipata kazi hapahapa. Ulifunguliwa mradi wa maji nyuma ya soko, wa kuteremsha maji kutoka chemchemi za milimani hadi miji ya barabara ya Mombasa, Emali na sisi na wengine. Mkubwa wetu alikuwa Injinia Muthama, mtu mwema. Sema kweli, wema wake ulinifunga zaidi. Angekuwa mkali ningeondoka. Mama alipozidiwa aliniruhusu niende nyumbani mchana, na nilipochelewa hakuuliza, na kila mwaka ulipoisha alisema, "Ukienda wewe nitamweka nani kwa hii bodi?" Nami nikakaa kwenye hiyo bodi ya kuchorea.

Kazi yenyewe nikueleze, kwa sababu wewe utaielewa. Mombasa nilichora vyumba vya pampu ambamo mabomba yalipishana kama mizizi, la moto, la baridi, la mafuta, la mvuke, kila moja na mwinuko wake na mahali pa kushikiliwa, na mimi nilipaswa kuyapitisha yote bila moja kugonga jingine na bila fundi kukosa pa kuweka bega. Nilirudi chumbani kwangu jioni kichwa kikiwa bado kinapinda kona. Hapa palikuwa na bomba moja. Moja tu, Nau, linatoka mlimani linakwenda. Ardhi ikipanda, kwenye kilele nachora valvu ya kutoa hewa. Ikishuka, pale chini nachora koki ya kutoa matope. Kupanda, hewa. Kushuka, matope. Karatasi ikiisha naanza nyingine, na bomba ni lile lile. Ofisi ilikuwa ya mabati bila dari, na kufikia saa sita jasho lilikuwa linadondoka kwenye karatasi na kuharibu wino, ikabidi nijifunge kitambaa mkononi kama mtu mwenye jeraha.

Asubuhi namwogesha Mama, namvalisha, namlisha uji. Mchana nakimbia kumgeuza na kumpa muthokoi wa mahindi uliopondwa. Jioni tena. Jumapili nampeleka kanisani kwa mkokoteni wa jirani. Watu wa kanisa walinisifu. Mchungaji alinisimamisha mbele akasema vijana waniangalie. Nilisimama pale na kitambaa kichwani, na kila sifa ikawa kama msumari mmoja zaidi kwenye mlango. Mtu akikusifu kwa kukaa, utamwambiaje unataka kwenda?

Alikuja mwalimu mmoja wa Emali, mtu mpole, akanitaka. Tulitembea pamoja karibu mwaka. Kisha akaniuliza kama Mama hangeweza kukaa na Kyalo. Nikamwambia aende amuulize Kyalo. Hakwenda, na kwetu pia hakurudi.

Sasa nije kwa jambo la kaburi lako.

Wapima ardhi walipofika upande wetu, mimi ndiye niliyepokea vipimo vyao. Nilikaa nikiunganisha vigingi kwa mstari kama siku zote, rula na peni. Nikatambua korongo, nikatambua njia ya ng'ombe, nikajua tuko kwetu, na mkono ukaendelea kwenda kwa sababu ulikuwa umezoea. Mstari ulikuwa umekwisha ndipo nikaona umepita wapi. Ulikuwa umepita juu yako. Kwenye ramani hukuwepo. Msalaba wako ulikuwa wa mbao na mchwa walikuwa wameshaula.

Nilimpelekea Injinia Muthama karatasi. Aliitazama muda mrefu.

"Bomba haliulizi baba ni wa nani," alisema. "Ukitaka lizunguke, nionyeshe litazunguka wapi, na maji yatapoteza nguvu kiasi gani. Sababu andika kaburi. Usiandike baba."

Kuzunguka kulikuwa na njia mbili. Kushoto ni udongo laini, mtaro ungechimbwa kwa urahisi, lakini ungepita katikati ya boma la ng'ombe la Baba Mdogo. Kulia ni ule mwamba ambao wewe ulikuwa ukinolea panga. Nikaenda kwa Baba Mdogo. Nilimkuta anamtibu ndama kwato, na alinisikiliza bila kuinua kichwa. Nilidhani hili ni jambo rahisi. Mtu aliyeniweka hapa kwa ajili ya heshima ya nyumba yako, je, atakataa kusogeza boma hatua chache kwa ajili ya mifupa yako?

Alisema ng'ombe wake hawana pa kuhamia. Akasema wazee wanaweza kuombwa, maombi yafanywe vizuri, kaburi lihamishwe. Kisha akasema, kwa upole, kama mtu anayenisaidia, "Kaka yangu alikuwa mtu wa reli. Amezoea kuhamishwa."

Nilirudi nyumbani. Sikumwambia Mama. Lakini alinitazama nilivyoshika sufuria, akajua kuna kitu.

Nikachagua mwamba. Nieleze kifundi, kwa sababu najua ungeniuliza. Maji yenye nguvu yakifika kwenye kona hayapendi kugeuka. Yanaisukuma ile kona upande wa nje, kama mtu anayesukuma mlango, mchana na usiku, miaka yote. Kwa hivyo nyuma ya kona unamimina saruji, jiwe kubwa la saruji, na lile jiwe liegemee ardhi isiyosogea. Kwenye udongo ule laini ningehitaji jiwe kubwa kama nyumba. Kwenye mwamba, jiwe dogo lingetosha, mwamba wenyewe ungefanya kazi. Nguvu ya maji isingepotea sana, kona zilikuwa pana. Nilihesabu, nikahesabu tena. Ubaya ulikuwa mmoja, kwamba mwamba lazima utobolewe. Mnyapara wa mitaro, mtu wa Emali, alikuja mpaka kwenye bodi yangu akasema hajawahi kuona mtu akiacha udongo akafuata jiwe. Injinia Muthama aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Sikuwa nayo.

Walileta mashine ya kutoboa. Nyumba yetu ilitetemeka, vikombe vikagongana rafuni, na vumbi jeupe likashuka juu ya kila kitu. Mama alikataa kukaa ndani. Nilimwekea kiti chini ya ukingo wa paa la jiko, na pale akakaa kila siku mpaka kazi ikaisha, nyusi nyeupe kwa vumbi, akitazama wanaume wakivunja jiwe. Nilipojaribu kumwingiza alishika nguzo kwa ule mkono wake mzima. Wale vijana wakaanza kumwamkia kila asubuhi. "Shikamoo, Mama Kyalo." Alikuwa akiinua vidole viwili.

Kisha ikaja siku ya kulijaribu bomba. Unafunga pande zote mbili, unajaza maji, unapiga pampu mpaka nguvu izidi ile ya kila siku, na unangoja. Injinia Muthama alikuwepo, mnyapara alikuwepo, na Baba Mdogo alikuja na fimbo yake akasimama upande wa boma lake. Mimi nilisimama karibu na kona ya pili, ile iliyo karibu na miguu yako. Nilijua wote wanafikiria nini. Kona hii ikitoka, itasemwa kwamba mwanamke aliharibu bomba la watu wote kwa sababu ya machozi yake. Na hakuna msichana wa Sultan Hamud atakayepewa peni tena.

Sindano ya kipimo ikapanda. Ikafika mahali pa kazi ya kawaida, ikapita. Flanji moja, pale mabomba yanapoungana, ikaanza kutoa jasho, matone madogo kwenye ukingo. Mnyapara akanitazama. Fundi akaikaza, nati moja huku, nati ya pili upande wa pili, bila haraka, kama ulivyokuwa ukifanya, na jasho likakoma. Nikaokota kijiti. Sikujali wananiona. Nikakiweka juu ya chuma, nikainama, nikaweka sikio.

Halikuimba, Nau. Sindano ikasimama pale pale mpaka Injinia Muthama akasema inatosha.

Nilidhani siku ile nitafurahi mwaka mzima. Nilifurahi mpaka jioni. Asubuhi nikamwogesha Mama, nikaenda kazini, na kwenye bodi kulikuwa na karatasi mpya na bomba lile lile likielekea Emali.

Maji yalifika. Yanapita kando yako, na kioski kiko kule chini karibu na barabara. Wanawake hawaendi tena mtoni na punda kabla ya jua kuchomoza. Wananisalimu vizuri. Hilo ni jambo kubwa na sitaki uone nalidharau. Lakini nilikuwa nikipita pale kioski na kuona mitungi imepangwa, na moyoni nasikia tu kwamba kazi imekwisha na mimi bado nipo.

Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana aliniomba nikazungumze na wanafunzi wa kidato cha nne juu ya kazi. Nilivaa ile sketi ya bluu. Waliuliza maswali mazuri kuliko nilivyotarajia. Je, lazima mtu ajue hesabu? Nikasema lazima, hasa pembe, na lazima uweze kukiona kitu kabla hakijakuwepo, kukizungusha kichwani. Je, wanawake huenda kule kwenye mitaro? Huenda, nikasema, na hujitafutia kichaka chao wenyewe. Wakacheka. Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Madam, kazi hiyo iko na mbele?"

Nikamjibu kwa ukweli. Nilimwambia ukianza utanakili michoro ya watu wengine miaka kadhaa kabla ya kupewa wako. Nilimwambia kila kiwanda cha sabuni, cha sukari, cha mafuta ya kupikia, kila hospitali yenye boila, haiwezi kujengwa bila mtu wa kuchora mabomba, na aliyeiva anaweza kwenda hata nje ya nchi. Nilimwambia pia kwamba siku hizi kompyuta zimeanza kuchora, na anayejua peni peke yake ajihadhari. Nilijibu vizuri. Mwalimu mkuu alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Yule msichana akasema, "Na wewe mbona uko hapa?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anataka kujua. Nikasema mama yangu ni mgonjwa. Darasa zima likanyamaza kwa heshima, na niliichukia ile heshima, Nau. Niliichukia mpaka nikasahau kuchukua mwavuli wangu.

Baadaye kidogo Injinia Muthama akahamishwa. Bomba lilikuwa limefika mwisho wake, na ofisi ingebaki na mafundi wachache wa kurekebisha panapovuja. Alinitafutia nafasi kabla ya kuondoka. Ningetunza michoro ya zamani stoo. Alinieleza akiwa na furaha, kwa ajili yangu. "Utakuwa karibu na nyumbani," alisema. Nilimshukuru. Nilikwenda kuiona ile stoo. Ina dirisha moja, juu, la kuingiza hewa.

Ndipo Bi Zuhura akanitumia neno kwamba shemeji yake atapiga simu, niwe dukani saa kumi. Bwana Abdalla sasa amefungua ofisi yake mwenyewe. Anachora mabomba ya viwanda vya sabuni na mafuta ya kupikia, na ana kompyuta mbili. Sauti yake imezeeka. Aliniuliza hali ya mama kwanza, kama ada yake, na nilipomaliza akasema, "Mwanangu, mkono wako naukumbuka. Kompyuta utafundishwa. Miezi mitatu ya kujaribiwa, kisha tutatazamana. Lakini siwezi kungoja sana, kazi zimeshika."

Nikasema nitazungumza na watu wa nyumbani. Nikaweka simu chini. Bi Zuhura akanipa maji ya kunywa, nikayanywa nikitazama majora ya vitambaa. Nilishajua jibu litakuwa nini.

Kikao kikawa kile kile, isipokuwa mzee mmoja alikuwa amefariki na Kyalo alikuwa na mvi. Safari hii Mama alikuwa ameketi nasi, kwenye kiti chake, kwa sababu siku hizi anaketi. Maneno yake mengi yamerudi, lakini yanakuja polepole, na watu walikuwa wamezoea kummalizia. Anaanza kusema "nataka ma..." na watu watatu wanasema maji.

Baba Mdogo alizungumza vizuri. Alinishukuru mbele ya wote. Akasema Mombasa ni mbali, kazi ya kujaribiwa si kazi, na hapa kuna stoo, kuna mshahara, kuna nyumba. Akasema, "Na mama yako atabaki na nani?" Kyalo akaangalia viatu vyake. Nikafungua mdomo niseme sawa. Lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Si..." akasema Mama.

"Siku zijazo," akasema Baba Mdogo, akimsaidia, "mambo yatakuwa..."

Mama akainua vidole viwili. Tukangoja. Ilichukua muda, na safari hii hakuna aliyemsaidia.

"Sikuulizwa," akasema. "Ile siku ya kwanza, nilikuwa hapo nyuma ya ukuta. Nikisikia. Hamkuniuliza."

Baba Mdogo akasafisha koo, akasema basi sasa anaulizwa, mke wa kaka yake anataka nini.

"Kwenda. Na yeye."

Baba Mdogo alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. Akamuuliza, na nyumba? Na kaburi la mume wake? Atamwacha na nani?

Mama akamgeukia pole pole, shingo na bega pamoja kama anavyogeuka siku hizi. "Yeye ako na mwamba," alisema. "Ako na maji. Mimi niko na nini hapa?"

Nau, nililia pale mbele ya wazee. Walidhani ni furaha. Kulikuwa na furaha, lakini nikuambie wewe peke yako kilichokuwamo kingine. Miaka hii yote nilipokuwa nikiota mlango ukifunguka, nilijiona nikitoka peke yangu, na begi lile moja. Sikuwahi kumwona Mama amesimama kando yangu. Na yeye, kumbe, alikuwa amefungiwa kwenye chumba kile kile, akinisikia nikipiga hatua, akidhani mimi ndiye ninayetaka kubaki. Tulikuwa tunalindana, kila mmoja akimshika mwenzake asiende. Asubuhi iliyofuata nilimwogesha. Nilimsugua mgongo, akaimba kidogo wimbo wa kijijini kwao Tulia, ule wa kusaga, maneno nusu.

Kyalo alinifuata nje ya nyumba akauliza afanye nini. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Nilimwambia awe anakuja kila mwezi kupalilia kaburi lako kwa mkono wake mwenyewe, asitume mtu. Amekubali. Tutaona. Baba Mdogo alinuna siku nyingi. Jana alikuja na kitete, kibuyu kilichojaa maziwa ya mgando, akakiweka miguuni pa Mama, akaenda zake.

Kwa hivyo tunaondoka. Bi Zuhura ametupatia chumba kwa jamaa zake, cha chini, kwa sababu Mama hapandi ngazi. Kyalo amefunga kitanda kwa kamba. Naogopa, Nau. Vijana watakaokaa nami kwenye zile mashine ni wadogo kuliko miaka yangu ya kazi, na vidole vyangu vimezoea bomba moja linalonyooka. Usiku wa hofu najaribu kukumbuka chumba cha pampu, la moto hapa, la baridi pale, na wakati mwingine yanagongana. Huenda baada ya miezi mitatu Bwana Abdalla akanitazama akatikisa kichwa. Huenda Mama akachukia joto la pwani na kuniambia tumrudishe. Sijui.

Nimepita pale mchana huu kukuaga. Nimeukagua mwamba, nimekagua saruji, haina ufa. Nimekupandikizia ua lile la waridi jekundu la nyikani ambalo mbuzi hawali. Lala salama, baba yangu, fundi wangu wa kwanza.

Desemba nitakuja. Hiyo ni ahadi, na nitakuja na Mama kama mwili wake utakubali. Nikifaulu nitakuambia. Nikirudishwa nitakuambia pia, na hutanisikia nikisema ni kwa sababu ya Mama.

Mwanao,
Mumbua